Mawe Juu ya Bati

Nilifundisha stima miaka sita katika shule isiyokuwa na stima, na sitaki mtu acheke. Nyaya zilipita juu ya vichwa vyetu zikielekea Migori mjini, sisi tukabaki chini na chaki. Nilisugua kalamu kwenye nywele ili watoto waone chaji ikivuta vipande vya karatasi. Siku za mvua hewa ilikuwa na unyevu, chaji ikapotea, karatasi zikalala tu pale mezani. Nikasema, "Tuseme imevuta." Wakaandika imevuta.

Mkondo wenyewe wa stima tuliupata kwenye mawe, maana betri za redio na tochi kwetu ni mawe. Mwaka mmoja nilikuwa nimewapa watahiniwa wa Kidato cha Nne mawe yaliyokwisha kutumika. Katikati ya mtihani sindano za ameta, zile za kupimia mkondo, zilianza kushuka zenyewe, grafu za darasa zima zikapinda, na mimi nimesimama pale siruhusiwi kusema neno. Nililia chooni. Nikaapa haitatokea tena.

Kwa hiyo mwaka uliofuata nilikwenda Migori Jumanne, siku tatu kabla ya mtihani, nikanunua mawe mapya kumi na mawili. Mwenye duka, Mwislamu aliyetoka pwani, aliyapima moja moja kwa balbu ndogo pale kaunta. "Mwalimu," akasema, "redio yako ina njaa gani hii?" Sikuwa na nguvu ya kucheka. Nikayatia kwenye mkebe wa majani chai, nikaupeleka nyumbani nje kidogo ya Rongo, nikauweka juu ya kabati. Stoo ya shule ilikuwa inavuja.

Nyumbani nilikuwa naishi na mama mkwe. Mume wangu alifanya kazi mbali, tulimwona Krismasi. Mama alikuwa na redio ya mawe matatu, na redio hiyo ilikuwa na kazi moja tu: matangazo ya vifo ya jioni, yale ya Kijaluo. Simu hatukuwa nayo. Mtu akifa, redio ndiyo ilikuambia, ikakutaja wewe na ndugu zako wote, ikasema siku ya kuzika. Usiposikia, basi.

Na mwezi ule alikuwa na sababu. Dada yake mkubwa, aliyembeba mgongoni walipokuwa wadogo, alikuwa amelazwa hospitali ya Homa Bay. Mama alikuwa amemuuguza wiki mbili, akalala chini kando ya kitanda, kisha akarudi kuangalia shamba akimwahidi dada yake kwamba lolote litakalotokea, atakuwepo. Kila jioni alikuwa anasikiliza ili asisikie jina lile.

Mawe yake yalikuwa yamekwisha. Alifanya kama wanavyofanya wote: asubuhi aliyapanga juu ya bati la banda la kuku yaote jua, jioni akayaanua, akayang'ata kidogo, akayarudisha. Mimi, msomi, nilikuwa nimemwambia mara ngapi kwamba jua halitii chaji ndani ya jiwe. Joto huichangamsha dawa iliyobaki mle, basi, na ikipoa huwa imekwisha. "Sawa, mwalimu wa radi," alikuwa akinijibu. "Lakini linaongea."

Jumatano halikuongea. Mawingu yalikaa siku nzima.

Alhamisi jua lilitoka, na jioni redio ikaamka. Nilikuwa nimekaa na madaftari sitini ya kusahihisha, miguu inaniuma, maji nimeyabeba mwenyewe kutoka mtoni. Msomaji wa matangazo akaanza. Jina la kwanza, la pili, la tatu. Halafu sauti ikawa nyembamba, ikakwaruza, ikazima. Mama akayatoa mawe, akayasugua kwa leso, akayang'ata moja moja kama mtu anayepasua mfupa, akayarudisha. Kimya. Akainua macho juu ya kabati.

"Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, "hayo mapya yakiongea kidogo tu, yatapungua?"

"Yatapungua, Mama."

Nilisema bila kuinua kichwa. Na ni kweli, yangepungua. Lakini hesabu niliijua, ndiyo kazi yangu. Redio ndogo kama ile hunywa mkondo mdogo mno, na dakika ishirini zake hakuna ameta ya shule ambayo ingeziona. Nilijua hivyo nikiwa nimeshika kalamu nyekundu. Sikutaka kusimama. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na hasira na kila mtu aliyetaka kitu kutoka kwangu, na nilikuwa na zile sindano za mwaka uliopita bado zinashuka machoni pangu.

"Basi," akasema. "Ni ya watoto." Akaifunika redio kwa kitambaa chake.

Ijumaa mtihani ulikwenda vizuri. Sindano zilisimama mahali pamoja, watoto wakachora mistari iliyonyooka, nami nikarudi nyumbani mwepesi. Nikachukua mawe matatu kutoka kwenye mkebe, nikayatia kwenye redio mwenyewe, kama zawadi. Sauti ilijaa nyumba nzima. Mama alisikiliza majina yote, mikono mapajani, hadi la mwisho.

"Hayupo," akasema. "Mungu ashukuriwe."

Usiku huo alilala vizuri.

Jumatatu akaondoka kwenda Homa Bay na chupa ya maziwa na ndizi mbivu za mgonjwa. Kitandani akamkuta mtu mwingine. Akaendelea hadi nyumbani kwa dada yake, akakuta udongo mbichi. Walikuwa wamemzika Ijumaa. Alirudi Jumanne mchana, chupa bado imejaa, maziwa yameganda.

"Walinisubiri hadi saa kumi," akaniambia. "Wakasema redio ilinitaja. Jumatano na Alhamisi. Walidhani nimekataa kuja."

Nilisema pole. Nikasema tena. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kibuyu, na hakuna aliyejua ila mimi. Hivyo nilidhani. Hakulia mbele yangu. Alifagia ua, akawapa kuku mahindi, na kesho yake asubuhi nikaona ameyatoa mawe yangu matatu redioni, ameyarudisha kwenye mkebe, na yale yake ya zamani yako juu ya bati.

Jioni nilimkuta amekaa mlangoni. Nikapita, akaniita.

"Yale mawe ya watoto," akasema. "Siku ile. Yangepungua kiasi gani?"

Ningeweza kumwambia habari za ampea na ukinzani. Angenisikiliza, alikuwa mtu wa heshima.

"Hayangepungua, Mama. Watoto wasingejua."

Akatikisa kichwa polepole, akiangalia upande wa ziwa, kule Homa Bay.

"Nilidhani hivyo," akasema. Akainuka, akashika kiuno, akaenda kuyaanua mawe yake, maana mvua ilikuwa inakuja.