Pumzi ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipojifungua aliacha kusema. Alikula kwa kubembelezwa, akamnyonyesha mwanawe huku kautazama ukuta, basi. Ukweni kwake Kengeja hakuna aliyemuuliza kitu. Walimwita mganga, akamnusa utosi, akasema ni jini la baharini. Wakamnywesha kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa sahanini, mpaka tumbo likamwendesha, kisha wakamrejesha kwetu Tibirinzi peke yake. Mtoto wakabaki naye. Shemeji yangu akasema mkewe atapewa mtoto siku itakapothibiti kwamba hana wazimu. Itakapothibiti! Utadhani karudisha redio dukani.

Ndipo tukasikia kuna watafiti wamekuja hospitali na mashine ya kutambua maradhi ya akili kwa pumzi. Unapuliza kwenye mrija, kioo kinachora mistari. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Mganga ananusa kwa pua, hawa wananusa kwa umeme. Lakini shemeji alifurahi kweli kweli. Alisema mashine haina upendeleo, itakalosema atalifuata, na siku hiyo atakuja na mtoto. Kwa ajili ya huyo mtoto, mie ningempeleka mdogo wangu akapulize hata tarumbeta.

Sharti lilikuwa moja: asubuhi asile kitu wala asijitie manukato. Haya, nani wa kumwambia mama?

"Mwanangu akampulizie daktari mdomo mtupu?" aling'aka. "Aibu hiyo nitaiweka wapi?"

Akamtafunisha karafuu, akamfukiza udi nguo na nywele. Shemeji alipotupitia, mtoto kampakata, naye akakisogelea chetezo akajifukiza, akatia karafuu zake kinywani. Mtoto akalia. Maziwa yakamtoka mdogo wangu yakalowesha kanga, na yule bwana akageuka upande wa pili. Nilitamani kumzaba kibao.

Hospitali tuliingia tunanukia kama tunapeleka bi harusi. Mdogo wangu akapuliza. Mistari ikaruka juu, kioo kikawa chekundu.

"Mmeona!" shemeji akadakia. "Si nilisema?"

Daktari, kijana wa bara mwenye adabu zake, akakunja uso. Akaomba apulize na mtu mzima wa akili, apate kulinganisha. Hapo nikanyoosha mikono kumpokea mtoto. Shemeji akanipa mtoto, akatoa kifua, akapuliza kwa nguvu zote. Mistari ikaruka vile vile, na wekundu ukazidi.

"Pole, shemeji," nikamwambia. "Nawe tutakutafutia kombe."

Daktari akatunusa kwa pua yake mwenyewe, akaguna. "Leo tumepima karafuu," akasema. "Na hata bila karafuu, hii bado tunaijaribu. Haiwezi kumhukumu mtu." Akaizima, akavuta kiti mpaka mbele ya mdogo wangu. "Dada, usingizi unapata?"

Wallahi, siku zote zile hakuna aliyemuuliza hilo. Si mganga, si mume, wala si mie niliyekuwa hodari wa kuwacheka wenzangu.

"Silali," akasema. Sauti ilikuwa imekauka. "Nikifumba macho naona mtoto kafa. Nikiyafumbua naogopa kumshika." Akaendelea, akalia, akaendelea. Mama alijifunika uso kwa buibui. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akasema haya ni maradhi yanayowapata wengi wakishazaa, yana dawa na yanapona, na mtoto akae na mamaye, nasi tuwe karibu naye. Dawa ataanza leo leo.

Shemeji alikuwa bado anakikodolea macho kile kioo kilichozimwa.

"Sasa, daktari," akauliza, "mashine inasemaje hasa?"

Mdogo wangu alijifuta machozi kwa ncha ya kanga, akainuka, akamchukua mwanawe mikononi mwangu.

"Haikusema kitu," akamwambia mumewe. "Nimesema mimi, na wewe hukusikiliza."

Akaketi, akamnyonyesha.