Damu Ilikuwa Safi, Nikatoa Talaka Tatu

Hakuna jambo duniani ambalo lingeweza kunishangaza. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijitamba kila nikikaa na watu. Leo nawaambia ukweli, ndugu zangu: nimekosa, tena nimemkosea mtu ambaye hakunikosea chochote.

Jina langu liacheni. Hapa Bagamoyo nafahamika. Shule niliishia darasa la nne, nikaanza kwa kusukuma mkokoteni, leo nina malori mawili yanayobeba mananasi ya Kiwangwa kwenda Dar. Nyumba yangu ina vigae mpaka chooni! Sikurithi hata senti.

Mke wangu, nimwite Mwanahawa, alianza kuumwa tukiwa na miaka kadhaa ndani ya ndoa. Alisikia watu wakimsema, akawa anawajibu kwa kelele, anafunika vioo kwa khanga. Hapo hata mimi nilikubali ni ugonjwa. Akasomewa, tukafukiza ubani, wapi! Tukaenda hospitali, wakasema ni skizofrenia. Akaanza dawa, na taratibu zile sauti zikanyamaza.

Na yeye akanyamaza.

Akawa anakaa sebuleni anatazama sakafu. Hapiki, haogi mpaka aambiwe. Watoto wa jirani wakimwamkia shikamoo, haitikii. Nilimletea doti ya khanga mpya, hata hakuigusa. Ananitazama kama vile mimi ni mpangaji.

Nesi wa kliniki alinieleza vizuri tu. "Baba, ugonjwa huu una dalili za namna mbili. Zipo zinazoleta visivyokuwepo, kama zile sauti. Na zipo zinazoondoa vilivyokuwepo: hamu, maneno, kicheko. Za kwanza dawa huzituliza. Hizi za pili ni sugu. Usidhani ni kiburi."

Nikamjibu, "Dada, wanawake mimi nawajua."

Jamani, mdomo wangu!

Kijiweni nako marafiki wakanichoma. "Bosi, malori mawili, mke mmoja, naye kanuna!"

"Huyo anangoja ufe, arithi vigae."

Nikacheka nao. Lakini lilinikaa moyoni.

Nikampeleka Dar kwenye maabara ya kulipia. Nikamwambia mpimaji, "Toa damu, pima kila kitu. Nataka nijue huyu anaumwa au ananidharau."

"Mzee, majibu kamwoneshe daktari wake," akasema.

Sikumwonesha mtu, nikajisomea mwenyewe. Sukari sawa, tezi ya shingo sawa, maambukizi hakuna, damu ya kutosha. Mimi lori likisumbua nachomoa kijiti cha kupimia, natazama oili. Oili ikiwa safi, najua injini ni nzima, dereva ndiye mvivu. Nikaona na binadamu ni vivyo hivyo!

Nikamweka mbele yangu. "Mwanahawa, damu yako safi. Unanidharau kwa lipi?"

Akageuza macho sakafuni.

"Sema, mwanamke!"

Akanitazama tu. Hapo nikatamka talaka. Si moja. Tatu kwa mpigo, ili ajue mimi si wa kuchezewa! Kaka yake akaja kumchukua, wakaenda kwao Msata. Aliondoka bila kulia, nami nikasema, mnaona? Hata chozi hana.

Siku chache baadaye daktari wa kliniki akanipigia kuuliza mbona hatuonekani. Nikamsomea yale majibu kwa majivuno.

"Mzee wangu," akasema, "hakuna kipimo cha damu cha kutuambia mtu ana skizofrenia au hana. Watafiti bado wanazitafuta alama zake kwenye damu, wajue hata kama damu ya anayesikia sauti ni tofauti na ya anayenyamaza. Bado hatujafika huko. Vipimo ulivyofanya hutuonesha tu kama kuna ugonjwa mwingine unaofanana nao. Mkeo anaumwa. Huo ukimya ndio ugonjwa wenyewe."

Niliketi kwenye vigae.

Nikakimbilia kwa shehe, nataka kumrejea. Akatikisa kichwa. "Ungetoa moja, ungemrejea ndani ya eda, muda wake wa kungoja. Tatu zote za nini, mwanangu? Sasa mpaka aolewe na mume mwingine, ndoa ya kweli, na waachane wenyewe."

Nikabaki na deni la mahari ambayo sikuwa nimeimaliza. Nikaenda Msata kuilipa. Wazee wamekaa mkekani, Mwanahawa yuko kando ya mama yake, kasukwa nywele, dawa anapewa kwa wakati. Nilipokuwa nahesabu noti, akainua uso.

"Umekula?" akaniuliza.

Neno la kwanza kunisemesha tangu alipoacha kuongea! Nikaanza kuhesabu noti upya.

"Hayakuhusu tena hayo, Mwanahawa," kaka yake akamwambia, kwa upole. Mwanahawa akainamisha uso.

Siku hizi nakula kwa mama lishe. Nyumbani nawasha televisheni isikike sauti ya mtu. Wale wa kijiweni hakuna aliyewahi kuja kuniuliza kama nimekula.

Wenzangu, mgonjwa wako akinyamaza usimwite jeuri. Majibu ya damu mpelekee daktari akusomee, usijisomee kwa hasira zako. Na ulimi wako uzuie, maana ukishatamka, umetamka!

Malori yapo, vigae vipo. Wazee wa Msata hawakunidai zaidi ya ile mahari iliyobaki, nami niliilipa palepale mkekani: shilingi laki mbili na elfu arobaini.