Gari la Kaka Lisilotoka Gereji

Rejeta ilianza kufuka mvuke mahali barabara inapoteremka kuingia mji nisioujua. Nilizima injini, nikauachia mteremko kazi. Gari la kukodi lilijikokota, likapita nyumba za kwanza, likapita kinyozi na duka la vitasa, likachoka mbele ya muuza magodoro aliyelala juu ya bidhaa yake kama mtu anayeitolea ushahidi.

"Gereji iko wapi, bwana?"

Alijiinua kwa kiwiko. "Unataka gari litengenezwe, au unataka litoke?"

"Kwani si jambo moja?"

"Kwa Bado si jambo moja." Wenzake waliokuwa kivulini wakaangua kicheko. "Ah, tunamtania tu. La kwako atalimaliza upesi. Lisilotoka ni la kaka yake."

Wakanisaidia kusukuma.

Katika lugha nilizookoteza njiani, kila moja ina neno lake la kuahirisha mambo. Lipo la kuinua mabega, lipo la kumsingizia Mungu, lipo la kuapa kwamba ni kesho. Lakini "bado" ni pole kuliko yote. Halikatai, haliahidi, na mtu anaweza kuishi ndani yake miaka na miaka. Fundi aliyebandikwa jina hilo alikuwa amepiga magoti mbele ya gari dogo la kijani, boneti wazi, mpira mwembamba umechomekwa sikioni kama daktari aliyepoteza nusu ya kipimo chake.

"Shh," aliniambia kabla sijamsalimu.

Injini ilinguruma taratibu. Gari lile lina kabureta mbili, na kazi ilikuwa kuzifanya zivute hewa sawasawa. Alielekeza ncha ya mpira kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, akasikiliza mluzi wake, akahamia ya pili, akageuza skrubu kidogo mno, kiasi cha mtu kugeuza shingo akisikia jina lake likitajwa mbali. Kisha akarudi ya kwanza. Masikio yangu yalisikia mluzi mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho.

"Sasa vipi?" niliuliza alipozima.

"Zinaelewana." Alichomoa mpira sikioni. "Lakini bado hazijapendana."

Gari langu alilitazama mara moja tu. Mpira wa maji ulikuwa umepasuka. Mpya ungeletwa na dereva wa basi la jioni. "Kaa, mgeni," alisema, akanisogezea kiti cha nyuma cha gari fulani, kilichopigiliwa miguu ya mbao. Nikakaa.

Magari ya aina ile, madogo ya Kiingereza yenye viti viwili na paa la turubai, nimeyaona katika nchi nyingi. Nimeliona moja nyuma ya kamba kwenye jumba la makumbusho, jingine uani mwa hoteli, limejazwa udongo na kupandwa maua. Sikuwa nimewahi kuona lililotunzwa namna hii. Kila waya ulikuwa umebadilishwa. Sakafu iliyooza ilikatwa na kuungwa upya kwa bati la pipa la mafuta, kisha ikapakwa rangi hata pasipoonekana. Raba za milango alizichonga kwa kisu kutoka kwenye tairi la lori. Magurudumu yake ni ya spoku kama ya baiskeli, na kila gurudumu limeshikwa na nati moja tu kubwa yenye mabawa, ambayo hufungwa kwa kugongwa na nyundo ya shaba. Chuma laini, alinieleza, ili isiijeruhi.

"Ni la kaka yangu mkubwa," alisema, akipangusa mikono. "Alikuwa dereva wa lori. Maisha yake yote amebeba vya watu: saruji, mbolea, mabati. Daktari mmoja alipohama mji, kaka akalinunua hili. Watu wakamuuliza, sasa hili litabeba nini? Akawajibu, ndiyo maana nimelinunua."

"Akaliendesha?"

"Kidogo," alisema, akaingiza tena kichwa chini ya boneti.

Nilikuja kujua baadaye kwamba ndiye fundi aliyetegemewa na mji mzima. Gari la wagonjwa, mashine ya kusaga, basi la shule, vyote vilipita mikononi mwake na vikatoka siku aliyoahidi. Alilala katika chumba cha nyuma ya gereji, kitanda kimoja, meza moja, na juu ya meza kabureta ya akiba imefunikwa kwa kitambaa. Mkewe alirudi kwao zamani. "Alisema hakuolewa ili awe na mke mwenza mwenye magurudumu," aliniambia, akacheka, kisha kicheko kikamwishia njiani.

Jua lilikuwa limeanza kuelemea upande wa magharibi walipoingia mume na mke. Mwanamume alikuwa mkubwa, mabega ya mtu aliyeshika usukani mpana, mkono wake umekaa begani mwa mkewe kana kwamba yeye ndiye anayemwongoza. Mwanamke alikuwa na mkoba kwapani na midomo iliyokwisha kujiandaa.

"Shikamoo kaka," fundi alisema, akisimama wima.

"Marahaba. Limetoka?"

"Bado kidogo, kaka. Kabureta zina—"

"Leo linatoka." Hakupandisha sauti. "Jana nilikuwa hospitali. Presha ya macho imekula upande wa kushoto wote, na wa kulia imebakiza tundu, kama mtu anachungulia kwenye kitasa. Wamesema kilichobaki nacho kinaondoka, na kilichokwenda hakirudi. Mimi nilichotaka duniani ni kuliendesha gari langu, mdogo wangu. Kwa hiyo likiwa zima, likiwa bovu, leo linatoka."

Fundi alishika kitambaa chake asikitumie.

"Hujamwambia mgeni wa watu kwa nini limekaa," mwanamke alisema, akanigeukia. "Wewe ni mgeni, si ndiyo? Basi sikiliza, maana mji mzima umeshachoka kusikia. Huyu shemeji yangu alilifungua magurudumu ya mbele alipake grisi. Kaka yake akamwambia, na hizo nati zing'arishe, ziwake. Bwana, akazing'arisha! Akazisugua mpaka zikawa vioo, na mishale iliyochongwa juu yake, ya kuonyesha ifungwe wapi, ikafutika yote."

"Shemeji, yameshapita hayo," fundi alisema.

"Kama yamepita, mbona gari limebaki?"

Fundi mwenyewe ndiye aliyenimalizia, kwa sauti ya mtu anayesoma maelekezo. Nati za upande mmoja hufungwa kwa kwenda kulia, za upande wa pili kwa kwenda kushoto, ili gurudumu linapozunguka lizidi kuikaza nati yake. Bila mishale, alirudisha vitovu vya magurudumu, ambako nati hujifunga, vikiwa vimebadilishana upande pamoja na nati zake. Kila kitu kiliingia vizuri, kila nati ilikaza chini ya nyundo. Na kaka alipolitoa barabarani, kila mzunguko ukawa unaifungua.

"Nikaliona gurudumu linanipita," kaka alisema. "Nikajiuliza, la nani lile, lina haraka ya kwenda wapi?" Mkewe akacheka naye, yaonekana walikuwa wamelicheka jambo hilo miaka mingi. "Nikaingia mtaroni. Nikachubuka hapa, kidevuni. Basi. Jioni ile ile nilikuwa nimeshasahau."

"Mimi sikusahau," fundi alisema.

"Hilo tunalijua."

Nikaelewa kilichokuwa kimetokea baada ya hapo. Vitovu alivirudisha mahali pake siku iliyofuata. Kisha akaona vema atazame na breki. Kutoka breki akaingia usukani, kutoka usukani akaingia springi, waya, injini. Kila alipomaliza alilizungusha uani, akasikia kitu, akalifungua upya. Kaka alikuja kila mwisho wa wiki, akakaa kwenye kile kiti cha miguu ya mbao, akaambiwa bado kidogo, akarudi nyumbani. Hakugombana naye. Nilimuuliza kwa nini hakulichukua tu, akaniambia, "Ungemwona uso wake nikitaja ufunguo, nawe usingelichukua."

"Shemeji," mwanamke alisema sasa, kwa upole kidogo, "hata mimba ina mwisho. Mpe ufunguo."

Akampa.

Kaka alizunguka gari akilipapasa, taa, boneti, ukingo wa kioo. Alipofika mlango wa dereva akatia mguu ndani kama mtu anayeingia kwenye beseni, akashuka kitini kwa kuguna. Gari lile liko chini mno. Ukikaa ndani unaweza kuokota sarafu barabarani. Mikono yake mikubwa ikaushika usukani mwembamba wa mbao. Akavuta choki, akawasha. Injini ikaitika mara moja, safi, na nikaona bega la fundi likishuka.

"Loo," kaka alisema. "Hili si lile nililokupa. Hili limezaliwa upya."

Fundi alikwenda akasimama mbele ya gari, hatua chache kutoka kwenye taa, akamwashiria kwa mikono yote miwili: njoo, njoo, polepole. Nimewaona watu wakiashiria hivyo bandarini na kwenye vivuko vya mito. Kaka alikuwa amemkazia uso. Akaingiza gia. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Uko wapi wewe? Njoo huku mbele uniongoze."

Mikono ya fundi ilibaki hewani. Mke wa kaka alitazama pembeni, kwenye ukuta wa spana.

Ukimya ule ulitosha kumweleza. Kaka alirudisha gia katikati, akazima injini mwenyewe. Hakuuacha usukani.

"Umesimama mbele yangu," alisema.

"Ndiyo, kaka."

"Karibu?"

"Karibu."

Akatikisa kichwa taratibu, kama anayekubali bei asiyoipenda. Fundi akaja akachuchumaa kando ya mlango.

"Ningekupa lilipotengemaa, kaka. Lilikuwa zima. Nililijua ni zima. Kila nikitaka kukupa nasikia lile gurudumu."

Nilidhani kaka angemwambia haidhuru. Katika safari zangu nimewasikia watu wakiambiana haidhuru kwa lugha nyingi, na mara nyingi ni uongo wenye huruma. Huyu hakuusema.

"Ungenipa, ndiyo," alisema. "Ningeliendesha mpaka nikalichoka. Sasa ndio sitalichoka tena."

Fundi aliinamisha kichwa kwenye ukingo wa mlango. Kaka akaweka kiganja juu ya kichwa kile, bila kukipapasa, kama mtu aliyeegemea.

"Nikuendeshe?" fundi aliuliza bila kuinua uso.

"Sikununua gari la kuendeshwa. Kuendeshwa nitaendeshwa na basi."

"Basi tufanye nini?"

Kaka alinyoosha mkono wa kushoto, akaugusa mkongojo wa gia uliokuwa katikati ya viti, ule mfupi wenye kichwa cheusi, akajisukuma kutoka kwenye usukani kwa mkono wa pili ili ajikwamue. "Nisaidie nihamie huku," alisema, akajikokota hadi kiti cha abiria. "Wewe shika usukani na klachi. Gia niachie mimi. Gia siziangaliagi, sikuziangalia hata siku moja. Nazisikia."

"Kaka, ya kwanza ina ukaidi, lazima gari lisimame kwanza ndipo—"

"Unanifundisha mimi gia?"

Fundi aliingia. Wakabanana mle ndani mabega kwa mabega, wazee wawili katika gari la vijana, na mwanamke akasema, "Tazama watoto wa mama mmoja!" lakini sauti yake haikuwa na mzaha wote aliokusudia.

"Kanyaga," kaka aliamuru.

Gia ilikwaruza vibaya, kelele ya kutia meno ganzi. Fundi alifumba macho.

"Kanyaga mpaka chini, wewe! Unaogopa nini? Tena!"

Safari hii iliingia. Gari dogo likatoka kwenye kivuli cha gereji, likaupita mtaro polepole mno, likashika barabara. Tulisimama langoni, mimi na mke wa kaka. Tuliisikia sauti ya injini ikipanda, kisha "Kanyaga!", kisha ya pili ikaingia kwa ukelele mdogo. Wakapotea kwenye kona. Kutoka huko ikaja ya tatu, na hiyo haikutoa sauti yoyote.

Mwanamke alihamisha mkoba kutoka kwapa moja hadi jingine.

"Huyo ndiye dereva," alisema. "Laiti angekaa upande ule mwingine."

Kisha akaingia ndani kutafuta maji ya kunywa, nami nikabaki langoni, nikingojea basi.