Anayeogopa Oveni Iliyochomolewa

Saa nne asubuhi, mkono wa kushoto wa fundi uko mgongoni, umeshika mkanda wa aproni. Wa kulia una bisibisi. Mbele yake, juu ya meza ya karakana, oveni ya maikrowevu imefunguliwa tumbo. Plagi yake inaning'inia hewani.

"Si umeshachomoa, dada? Sasa unaogopa nini?" mteja anacheka.

"Ninachokiogopa kimeshaingia," anajibu bila kugeuka.

Majirani wanamwita Mama Taratibu. Mkono mgongoni ni sheria yake: umeme ukimkamata, usipate njia ya kuvuka kifua kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Kwa kidevu anaonyesha kapasita, kikopo cha bati kisichozidi glasi ya chai.

"Humu chaji za aina moja zimerundikwa upande mmoja, na hazitakani. Kila unayoiongeza, zilizotangulia zinaisukuma itoke, kwa hiyo kuisogeza ni kazi. Umeme wa ukutani umeifanya kazi hiyo. Kazi ile haijapotea, imewekwa humu. Ukiifungulia njia, inarudi yote kwa mpigo."

Ilimrudia kaka yake, aliyemfundisha ufundi huu. Alichomoa plagi, akaingiza mkono. Alinusurika, lakini mkono haukushika tena bisibisi. Tangu hapo karakana na malezi ya watoto wa kaka viko juu ya Mama Taratibu.

Mama Taratibu anabana waya kwa kibanio kwenye mguu mmoja wa kapasita, kisha ncha yake nyingine, iliyofungwa kwenye bisibisi, anaigusisha mguu wa pili. Chaji zinapaswa kupita hapo zikutane na za upande wa pili, ziishe.

Kimya.

"Umeona? Tupu!" Mteja ananyoosha kidole ndani.

"Toa mkono, baba!"

Mteja anaruka nyuma. Fundi anainama, anakodoa macho. Kibanio kimeng'ata plastiki, si chuma. Anakibana upya, anagusisha.

Tah! Cheche ya buluu, na harufu ya kuungua.

Mteja hacheki tena. Fundi anajishusha kwenye kiti.

"Heri kikopo hiki kingepiga kelele kikiwa kimejaa," ananong'ona. "Huku kunyamaza kwake ndiko kunakonimaliza. Nyumbani hata kijiko kikianguka, nashtuka."

Kila Jumamosi anajifunza ufundi wa kutengeneza cherehani za miguu kwa jirani yake, mwanamke mcheshi anayemtania kwamba anakaza skrubu kana kwamba itamng'ata.

"Anicheke tu," anasema Mama Taratibu, na kwa mara ya kwanza anatabasamu. "Cherehani ni muungwana. Ukiacha kukanyaga, nayo imeacha, haikuwekei kinyongo. Watoto wa kaka wakimaliza shule, nahamia huko kabisa. Naomba tu nifike mzima."