Sauti Haitafutiki kwa Neno

Asubuhi ile niliondoka Kikuyu, mtaani kwa mama, bila kujua niendako. Matanga yalikuwa yamekwisha, ndugu wamerudi makwao, na nyumba ya mama ilikuwa imefagiliwa mno. Stendi nilipanda basi la kwanza lililokuwa likiita abiria. Lilikuwa la Kondoa.

Mama hakuwa mtu wa kuandika. Alisema simu imepewa mdomo ili itumike. Miaka yote ya kuzurura kwangu alinitumia sauti, nami nikamjibu kwa maandishi mafupi. Kuna moja niliyoitaka: alikuwa shambani akiwinga ndege kwenye uwele, akasahau kwamba anarekodi, akacheka peke yake. Msibani niligundua kwamba kicheko chake kimenitoka kichwani.

Ndani ya basi nilitoa simu, na kwenye kisanduku cha kutafuta nikaandika "ndege". Hakuna. "Uwele". Hakuna. Nikaandika "nimefika", kioo kikajaa. Nimefika Mtera. Nimefika Babati. Nimefika Singida salama. Yote yangu. La mama hakuna hata moja.

Jirani yangu kitini, mama mmoja anayeuza mitumba, alikuwa akinitazama.

"Utaitoboa hiyo simu kwa macho, kaka. Umepoteza nini?"

"Sauti ya marehemu mama. Naitafuta haiji."

"Mimi mteja akiniuliza kama nina sweta ya bluu, namwambia sijui, inama upekue."

"Na kama haimo?"

"Utakuwa umechafua mikono. Ila rundo umeliona."

Nikaanza kupekua. Shule niliiacha mapema, lakini kusoma sijaacha. Husoma hata karatasi za kufungia karanga. Ukurasa ule wa simu haukusomeka. Sauti zote zilikuwa na sura moja, vistari na urefu wake, kana kwamba aliyeubuni hakuwahi kuwa na mama asiyeandika. Ilibidi nizifungue moja moja. Mama anauliza kama nimekula. Mama anasema mbuzi amezaa. Mama ananisalimu kwa Kigogo, halafu ananyamaza, nasikia pumzi zake tu. Mji wa Chemba tuliupita njiani sikuuona.

Kondoa nilipata gesti nyuma ya msikiti.

"Shikamoo, mama," nilimsalimu mwenyeji mlangoni.

"Marahaba. Umekuja kwa shughuli gani?"

"Bado sijajua."

Bibi mwenye gesti alinitazama kidogo, kisha akanipa ufunguo. "Chumba cha mwisho. Maji yamo kwenye ndoo."

Niliketi kitandani bila kuvua viatu, nikafungua sauti iliyofuata bila kutarajia kitu. Upepo. Debe linapigwa. Mama anawafokea ndege kama watoto wa jirani, halafu anacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, chembamba, tofauti kabisa na nilichodhani nakitafuta. Kama ningekisikia sokoni nisingegeuka.

Sauti haikuishia hapo. Alikohoa, akakumbuka simu.

"Haya, baba. Ukifika uniambie."

Nilikuwa nimefika.