Chupa ya Sita Ilimngoja Mama

Wiki iliyopita nililetewa ujumbe kutoka Bwera kwamba yule mzee Mkongomani aliyekuwa akiuza chumvi na vitenge karibu na mpaka wetu na kwao amefariki. Wasomaji wangu hamumjui. Mimi mwenyewe nilikuwa mpangaji wake tu, katika chumba cha nyuma ya duka, nilipokuwa mwalimu kijana miaka ya sitini. Ndiye aliyenifundisha kunywa polepole, na kwa mtu wa kwetu Kinyamaseke, ambako pombe hunywewa haraka kabla haijaharibika, hiyo si kazi ndogo.

Alivuka kutoka Beni wakati wa vurugu za kwao akisukuma baiskeli iliyobeba chupa sita za divai nyeupe, zilizobaki katika zawadi ya harusi aliyopewa na mlowezi Mbelgiji ambaye yeye alikuwa mpishi wake. Yeye na mkewe walipoteana njiani. Chupa alizilaza ubavu katika mchanga mbichi uvunguni mwa kitanda, ili vizibo visikauke, na majirani wakacheka kwamba Mkongomani anabembeleza chupa. Kila mwaka, siku waliyofunga ndoa, alifungua moja, akammiminia mkewe asiyekuwepo glasi ya kwanza, kisha akaniita nimsaidie kuimaliza. Ya sita aliapa haitaguswa mpaka mama, ndivyo alivyomwita mkewe, arudi.

Ya kwanza ilikuwa nyeupe karibu kama maji, kali kama ndimu changa, nami nilikunja uso mpaka mzee akacheka. Ya tatu ukali ulikuwa umetulia, nikahisi nanasi lililoiva. Ya tano ilikuja na rangi ya chai kavu isiyo na maziwa na ladha ya asali, lile nanasi likiwa limekwenda zake. Hapo niliingiwa na hofu. Mama yangu alikuwa mpishi wa pombe ya ndizi, ambayo siku ya tatu ni tamu na siku ya sita humwagwa, na ikianza kulegea huongezewa unga wa mtama uliokaangwa. Basi mzee alipotoka kumhudumia mteja, niliitilia chupa viganja viwili vya mtama. Aliporudi alikuta uji.

“Mwalimu, unalisha divai?” aliniuliza.

“Inakufa, Papa.”

“Hapana kufa. Iko inageuka tu.” Akakaa kitandani, juu ya ile chupa moja iliyobaki. “Miye naogopa kitu kimoja. Sijue nani atafika mbele, bibi yangu ao siki.”

Niliona aibu ambayo sijaisahau.

Miaka ilipita. Bendera zilibadilika, wakubwa walibadilika, na rafiki yangu mmoja aliyekwenda Kasese kutafuta kazi alirudi akiongea kama afande. Tulikuwa wepesi sana kusema kwamba kila kitu kimeharibika. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya sabini, mfanyabiashara wa maharage kutoka Butembo alileta salamu za mke wa mzee, na mwezi uliofuata mama mwenyewe akavuka daraja la mpakani siku ya soko, kifurushi kichwani, mvi zimemjaa. Mzee alifungua chupa ya sita, akaniomba nionje kwanza. Asali ilikuwa imekwisha. Palibaki ladha ya karanga zilizokaangwa sana na uchachu uliokuwa unaelekea kwenye siki. Nilimpa mama glasi, akaipokea.

“Ile ya harusi ilikuwa kali,” alisema. “Ilinichoma midomo. Hii haina ile ukali tena.”

“Basi imeharibika,” mzee akasema.

“Nani amesema? Imetungoya. Ongeza ingine.”

Wakaimaliza wao wawili, mimi nikiwatazama kwa wivu mtupu. Ujumbe wa msiba umetumwa na mama huyo huyo. Nami tangu siku ile, nikikutana na mtu wa zamani nikaona si yule niliyeachana naye, sikimbilii tena unga wa mtama. Naomba glasi ya pili.