Mbwa Aliyeoshwa kwa Mbali

Wanaosema yule mbwa aliharibiwa na baridi ya huku milimani Magamba ni waongo. Waliomharibu ni watu watatu, nawataja: mwenye nyumba, mke wake, na shemeji mtu, kaka yake mke, aliyeshika mpira wa maji. Mimi ndiye mfanyakazi wao wa ndani. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, lakini macho ninayo.

Mwenye nyumba ni mstaafu wa serikali, mtu wa Tanga. Mzungu mmoja aliyekuwa anahama alimwachia mbwa wa manyoya marefu, mpaka yanafagia chini. Alimchukua kwa sifa, ili wageni wapige naye picha. Mzungu alimpa na kitana cha meno ya chuma, akamwonyesha mbele yangu: mchane kila siku, nyuma ya masikio, kwapani, mapajani, chini ya ukanda wa shingo. Mzungu alipoondoka, kitana kikapanda juu ya kabati.

Sisi nyumba nzima ni Waislamu. Mbwa mkavu ukimgusa kwa mkono mkavu, hakuna neno. Akiwa ameloa, unanawa mara saba, moja kwa udongo. Sasa niambie, mwezi wa sita huku Magamba mbwa anakauka saa ngapi? Ukungu unaingia mpaka chini ya kitanda. Kila siku ikawa "akikauka, akikauka." Hakukauka. Akipita majanini anarudi na mbegu za vishona nguo zimemnasa, manyoya yanajisokota juu yake, donge linazaa donge.

Nikamwambia mke, "Mama, nipe kile kitana nimchane. Nitanawa inavyotakiwa."

"Halafu mikono hiyo hiyo unipikie? Thubutu!"

Mbwa akaanza kunuka. Shemeji mtu akasema dawa ni kumwosha. Akasimama mbali kama anazima moto, akampiga maji ya mpira na sabuni ya unga, hakumgusa hata kwa kidole. "Umeona, dada? Akili hiyo!" Akili gani? Manyoya yaliyoshikana ukiyalowesha kabla ya kuyachambua yanakaza, kama sweta la sufu lililochemshwa. Kufika Ijumaa mbwa alikuwa amevaa gamba. Mguu wa mbele haunyooki, kwapa limevutwa. Kula hali.

Mwenye nyumba akasema aitwe bwana mifugo amchome sindano ya kummaliza. "Mbwa gani huyu, ananitia aibu."

"Baba, nipe leo tu," nikasema. "Nikishindwa, mwite."

Mke akacheka. "Mwacheni na mchumba wake!"

Kazi ile niliijua kwa kichwa changu mwenyewe. Zamani niliugua, nikalala kwa wakwe miezi mitano, wakaogopa kunigusa. Nywele zikawa kiota. Mama mkwe akataka ninyolewe kipara. Dada yangu ndiye aliyekuja na mafuta na vidole vyake, akanichambua siku nzima.

Nami nikashusha kitana juu ya kabati, nikamkalisha mbwa jiko la nje, karibu na moto, mpaka akakauka. Nikampaka mafuta ya nazi. Madonge madogo niliyapasua kwa vidole, naanzia nchani, mkono mmoja umeshika shina ili ngozi isivutwe. La kwapani lilikataa. Ukilivamia kwa mkasi unakata na ngozi, kwa hiyo nilipenyeza kitana kati ya ngozi na donge, nikakata juu ya kitana. Chini yake kidonda, na mabuu. Nikayatoa moja moja. Alinguruma, lakini hakuniuma. Alikuwa na haki ya kuniuma.

Alasiri akasimama kwa miguu minne, akalamba uji. Mwenye nyumba akaja kumtazama. "Umemfanya kama mbuzi aliyeliwa na panya," akasema. Lakini bwana mifugo hakuitwa.

Kesho yake mke akaweka kikombe cha plastiki dirishani. "Hicho chako. Vyetu usiguse."

Sasa namchana kila siku, namkausha kwanza, na maji hayamgusi kabla ya kitana. Manyoya yamerudi, marefu. Wageni wakija, mwenye nyumba anasimama naye kibarazani, mkono mfukoni.

"Ukimtunza hana shida," anawaambia.

Mimi niko nyuma ya nyumba, nasugua mikono kwa udongo.